Sura ya Saba: Kauli Baada ya Kiharusi

Katika bonde la Usangu, pale maji ya mto Mbarali yanapogawanywa kwa mabanio na mifereji hata yakafika katika majaruba ya mpunga, uko mji wa Ubaruku, ambao kwa masafa hauko mbali na Rujewa, makao ya wilaya, wala na Igawa iliyo juu ya barabara kuu iendayo Mbeya upande mmoja na Iringa upande wa pili. Nao kwa wingi wa lugha zake una utajiri usio haba, kwa kuwa Wasangu wenyeji wamechanganyika humo na Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa na Wasukuma waliovutwa na mpunga, na jirani yake Rujewa wapo hata wazao wa Wabaluchi, ambao wazee wao walikuwa miongoni mwa watangulizi wa kilimo cha mpunga wa kumwagilia katika bonde lile. Elimu inayosimuliwa katika sura hii ilipatikana mbali sana na hapo, katika hospitali na vyuo vya Ulaya na Marekani, nayo ni elimu ya kuupiga picha ubongo wa mtu aliyepotewa na kauli kwa sababu ya kiharusi, ili ionekane jinsi kauli hiyo inavyorejea anapofunzwa upya, na jinsi sumaku au umeme mdogo uwezavyo kuisaidia. Nimeona vema kuipima elimu hiyo kwa mizani ya Ubaruku, kwani maradhi yenyewe hufika huko bila ya kualikwa, ilhali mgonjwa atakaye kupigwa picha ya kichwa hana budi kusafiri mpaka hospitali kubwa ya Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 100.

Kiharusi huja kwa njia mbili: ama mshipa upelekao damu katika ubongo huzibwa na damu iliyoganda, ama mshipa huo hupasuka na damu ikamwagika; na kwa vyovyote vile sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa kwa muda mfupi. Kwa kuwa kwa watu walio wengi mno uwezo wa lugha umekaa katika nusu ya kushoto ya ubongo, ambayo ndiyo hiyo hiyo itawalayo mkono na mguu wa kulia, si ajabu kumwona mtu aliyepooza upande wa kulia akawa pia amefungwa kauli. Takriban thuluthi moja ya waliopatwa na kiharusi hupata hali hiyo, ambayo matabibu huiita afasia. Wako waelewao kila waambiwalo lakini hawawezi kutoa ila neno moja moja kwa jitihada kubwa, na wako wasemao kwa wepesi na kwa wingi maneno ambayo hayana maana, wala wenyewe hawatambui kuwa hawaeleweki. Dhuluma kubwa impatayo mtu wa namna hii ni kwamba jamaa zake, kwa kutosikia jibu, hudhani akili yake imeondoka pamoja na kauli. Hapo huanza kusemwa mbele yake kana kwamba hayupo, mashamba yake yakagawanywa bila ya shauri lake, naye anasikia, anafahamu, na hana neno la kupinga. Ningependa kila asomaye sura hii alishike hilo kabla ya jingine lolote: katika afasia lugha ndiyo iliyojeruhiwa, na utu wa mtu, kumbukumbu zake za watu wake na haki zake ziko pale pale.

Maradhi haya hayako mbali nasi hata kidogo. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 chini ya uongozi wa Richard Walker, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010, wagonjwa wapya wa kiharusi walihesabiwa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam. Na baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri ilionekana kwamba kwa kila watu 100,000 walipatwa kwa mwaka watu 108.6 huko Hai na 315.9 huko Dar es Salaam, na hiyo ya pili ilikuwa miongoni mwa hesabu kubwa zilizopata kuandikwa popote duniani. Gerry Mshana na wenzake, waliowahoji watu katika sehemu hizo hizo mbili, walikuta jambo ambalo wengi wasingelitazamia: kwamba mjini Dar es Salaam kiharusi kilinasibishwa zaidi na majini na uchawi, hali watu wa shamba wa Hai walikitaja zaidi kuwa ni matokeo ya shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mashaka ya maisha. Asidhani basi mtu wa mjini kwamba ujinga wa maradhi haya ni wa mkulima peke yake.

Habari ya kuyatafuta maskani ya lugha ndani ya kichwa ilianza zamani. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, tabibu Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila silabi moja tu, "tan", akiirudia kwa kila swali. Na alipofariki baada ya siku chache Broca aliufungua ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Mwaka 1874 Carl Wernicke, Mjerumani, alieleza sehemu nyingine, iliyo nyuma kidogo upande huo huo, ambayo ikiharibika mtu husema kwa wepesi lakini maneno hukosa maana na ufahamu hupungua. Kwa miaka mia moja tabibu aliyetaka kujua jeraha liko wapi alilazimika kungoja mgonjwa afe. Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa mzima, wala Broca hakuupasua vipande. Na mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake waliutia katika mashine ya sumaku ipigayo picha za ndani ya mwili (MRI), miaka 146 baada ya kifo cha mwenyewe, wakaona kwamba jeraha lilikuwa limezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona kwa macho, hata likakata nyuzi ndefu zinazoziunganisha sehemu za mbele na za nyuma. Tangu hapo imezidi kuwa dhahiri kwamba lugha haikai katika chumba kimoja cha ubongo, bali hupita katika njia nyingi ziendazo na kurudi, na kwamba kukatika kwa njia kunaweza kuleta msiba sawa na kubomoka kwa chumba.

Kumngoja mgonjwa afe kulikoma kwa kuvumbuliwa kwa CT-Scan, mashine ipigayo picha za ndani ya kichwa kwa mionzi. Hesabu zake za mwanzo zilibuniwa na Allan Cormack, mtu wa Afrika ya Kusini, aliyeanza kulifikiria jambo hilo mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town. Na mashine yenyewe ikaundwa Uingereza na Godfrey Hounsfield, ikampiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971. Na wote wawili wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwa mgonjwa atokaye Ubaruku hiyo ndiyo picha ya lazima, kwa maana ndiyo impambanuliayo tabibu aliyezibwa mshipa na aliyepasukiwa, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo ni sharti itolewe ndani ya saa nne na nusu tangu kuanza kwa maradhi, huweza kumwua huyo wa pili. Lakini CT-Scan huonyesha umbo tu, haionyeshi kazi. Kazi ya ubongo ilianza kuonekana vizuri baada ya mwaka 1990, Seiji Ogawa alipobainisha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha toa oksijeni yake hazina tabia moja mbele ya sumaku, kwa hiyo sehemu ya ubongo inayofanya kazi, ambayo huletewa damu mpya kwa wingi, huweza kutambulikana pichani bila ya kumdunga mtu sindano wala kumpitishia mionzi.

Kwa njia hiyo Dorothee Saur na wenzake huko Ujerumani walifanya kazi ambayo kwa rai yangu ndiyo nguzo ya elimu hii yote. Waliwatwaa wagonjwa 14 wa afasia wakawapiga picha mara tatu huku wakisikiliza sentensi: mara ya kwanza siku moja au mbili baada ya kiharusi, mara ya pili karibu wiki mbili baadaye, na mara ya tatu ulipokaribia kutimia mwaka. Katika picha za kwanza upande wa kushoto ulikuwa karibu umezimika, hata sehemu ambazo damu haikuzikosa. Katika picha za pili ubongo ulikuwa umechangamka pande zote mbili, na hasa upande wa kulia, katika sehemu zinazolingana na zile za lugha upande wa kushoto. Na wakati huo ndipo wagonjwa walipokuwa wakipata nafuu ya haraka. Katika picha za tatu kazi ilikuwa imerudi zaidi kushoto, kwenye maskani yake ya asili, na upande wa kulia umetulia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, na mkulima wa Ubaruku angeyafahamu upesi kuliko wengi, kwa kuwa amekwisha ona mfereji mkuu ulioporomoka na maji yakageuzwa kwa muda katika vijifereji vya jirani, visivyochimbwa kwa maji mengi kiasi hicho, hata ule mkuu ukatengenezwa na maji yakarudishwa. Mfano huu una mpaka wake, kwani ubongo hujigeuzia maji wenyewe pasipo fundi, na vijifereji vya kulia kwa baadhi ya watu huendelea kutumika maisha yote, hususan jeraha la kushoto likiwa kubwa mno. Na hapo ndipo wataalamu waliposhindana kwa miaka mingi, baadhi wakisema upande wa kulia ni msaidizi, wengine wakisema ni mwingiliaji azuiaye kushoto kusimama. Yamkini pande zote mbili za hoja zina haki, kila moja kwa mgonjwa wa namna yake na kwa wakati wake.

Kuna ajabu moja ya afasia ambayo jamaa za wagonjwa huiona nyumbani kabla ya kuambiwa na tabibu. Mtu asiyeweza kulitaja jembe aliloshika maisha yake yote, mtoto akimwamkia "Shikamoo, babu", huenda akajibu "Marahaba" mara moja na kwa lafudhi safi. Akianzishiwa kuhesabu moja, mbili, tatu, huenda akafika kumi peke yake. Na pengine aliyezoea kuimba kanisani huimba beti nzima, na aliyezoea msikiti husoma Alhamdu tangu mwanzo hadi mwisho, kisha akiulizwa jina la mkewe anakwama. Matendo haya ya ulimi uliozoea yalielezwa katika karne ya 19 na John Hughlings Jackson wa London. Na kabla yake, mwaka 1745, Olof Dalin wa Sweden alikwisha andika habari za mtoto wa mkulima aliyepotewa na kauli, naye akaweza kuimba tenzi za kanisa alizozijua kabla ya maradhi. Jamaa wasiojua hukasirika, wakidhani mgonjwa anajifanya, kwa kuwa "jana aliimba". Hajifanyi: maneno yaliyofungamana kwa mazoea ya miaka yana njia zake, ambazo si zile za kuliteua neno jipya na kuliunga na jingine.

Juu ya msingi huo matabibu wa Boston, Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm, walieleza mwaka 1973 namna ya kumfundisha mgonjwa kusema kwa kuimba: maneno mafupi ya haja huimbwa kwa sauti mbili tu, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto ukipigishwa polepole kwa kila silabi, kisha wimbo hupunguzwa kidogo kidogo hata ukabaki usemi wa kawaida. Gottfried Schlaug na wenzake waliwapiga picha wagonjwa 6 waliofunzwa hivyo kwa muda mrefu, wakaona kwamba kifungu cha nyuzi zenye umbo la upinde, kiunganishacho nyuma na mbele ya ubongo, kilikuwa kimeongezeka upande wa kulia. Hata hivyo Benjamin Stahl na wenzake waligundua mwaka 2011 kwamba mahadhi yenyewe huenda si siri ya tiba hiyo, bali mapigo, pamoja na matumizi ya maneno yaliyozoeleka. Mimi nalipokea hilo kwa furaha, kwa sababu Kiswahili ni lugha ya silabi zilizo wazi na maamkizi marefu, na mtu anayetaka kuanza mahali fulani na mgonjwa wake ana "Hodi" na "Karibu", "Habari za kutwa" na "Njema" tayari, zimekaa mdomoni zikingoja mpigo.

Sasa nije kwenye sumaku na umeme. Mwaka 1985, mjini Sheffield, Anthony Barker alionyesha kwamba koili ya umeme ikishikwa juu ya fuvu huweza, kwa nguvu ya sumaku inayopanda na kushuka ghafula, kuziamsha seli za ubongo bila ya kulipasua fuvu. Na ikadhihirika baadaye kwamba mapigo ya haraka huamsha, na mapigo ya polepole, moja kwa kila nukta, hutuliza. Margaret Naeser na wenzake wa Boston walilitumia hilo la pili mwaka 2005 kwa wagonjwa wachache waliokuwa na afasia ya miaka mingi, wakiituliza sehemu moja ya upande wa kulia siku kumi, na wagonjwa wakaweza kutaja picha nyingi zaidi. Mwaka 2013 Alexander Thiel na wenzake walijaribu kwa wagonjwa 24 waliokuwa katika wiki za mwanzo: wote walipata mafunzo ya kauli, baadhi yao wakitanguliziwa sumaku ya kweli na wengine sumaku isiyofika mahali penyewe, waliopata ile ya kweli walipona zaidi, na picha zao zilionyesha kazi imeelekea kushoto.

Umeme ni mnyonge kuliko sumaku na bei yake ni nafuu mno, kwa maana chombo chake ni betri na vipande viwili vya sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi. Jaribio lake kubwa lilifanywa na Julius Fridriksson na wenzake katika Marekani, likachapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 74 walifunzwa mara 15, kila mara dakika 45, na kwa dakika 20 za kila somo walivikwa sponji hizo kichwani. 34 wakapitishiwa umeme wa miliampia 1, na 40 waliwashiwa kidogo kisha ukazimwa bila ya wao kujua. Mahali pa kuweka sponji palichaguliwa kwa picha ya kila mmoja: palipoonekana kushoto pakifanya kazi zaidi anapotaja majina, hapo ndipo palipotiwa nguvu. Baada ya wiki moja waliopata umeme walikuwa wameongeza majina 13.9 kwa wastani, na wenzao majina 8.2. Jaribio hilo lilitungwa ili kujua kama inafaa kuendelea na uchunguzi mkubwa zaidi, nalo likajibu kwamba inafaa. Halikudai zaidi ya hapo, wala sisi tusidai kwa niaba yake.

Ni vyema kuitazama tena ile hesabu ya 8.2. Wale watu 40 hawakupata umeme wowote wa maana, na bado waliongeza majina, kwa kufunzwa tu. Umeme uliongeza juu ya mafunzo; haukusimama mahali pake. Mwaka mmoja kabla, Caterina Breitenstein na wenzake walikuwa wamechapisha habari za wagonjwa 156 katika vituo 19 vya Ujerumani, wote wakiwa na afasia ya zaidi ya miezi sita, muda ambao wengi huambiwa kuwa matumaini yamekwisha. Waliofunzwa kwa uchache saa 10 kwa wiki, kwa wiki tatu au zaidi, walisema vizuri zaidi, na waliongojeshwa kwa muda huo huo hawakubadilika. Kwa hiyo nasema bila ya kusita kwamba shilingi ya kwanza ya Wizara ya Afya, ikiwa inatafuta mahali pa kwenda kwa ajili ya watu hawa, iende kwa mwalimu wa kauli kabla ya koili ya sumaku. Walimu hao Afrika ya Mashariki ni wachache mno. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mwaka 2008 shahada ya kwanza ya tiba ya kauli katika eneo letu, na wahitimu wake wamekwenda kufanya kazi pande mbalimbali. Lakini saa 10 kwa wiki kwa kila mgonjwa ni hesabu ambayo hata Ujerumani huiona nzito, na katika wilaya kama Mbarali haiwezi kutimizwa ila mwalimu mmoja awafunze jamaa za wagonjwa, nao wafanye kazi hiyo nyumbani, asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya chakula, kwa picha, kwa vitu vya jikoni, kwa majina ya wajukuu.

Hapo linazuka swali ambalo maabara za Boston na Ujerumani hazikulazimika kulijibu: wafundishe kwa lugha gani? Mzee wa Ubaruku huenda alilelewa kwa Kisangu, akasoma kwa Kiswahili, akaoa kwa Wabena na akafanya biashara na Wasukuma. Théodule Ribot alisema mwaka 1881 kwamba la zamani hudumu kuliko jipya, kwa hiyo lugha ya utotoni ndiyo itazamiwayo kurudi kwanza. Albert Pitres akapinga mwaka 1895 kwamba hurudi kwanza ile iliyokuwa ikitumika zaidi karibu na maradhi. Na wagonjwa wa karne nzima wamewapa haki wote wawili na kuwanyima haki wote wawili. Mgonjwa apimwaye kwa Kiswahili peke yake huenda akaandikwa bubu, hali Kisangu chake kingali na uhai.

Na Kiswahili chenyewe kimechunguzwa kidogo mno. Namjua kwa kazi yake Tom Abuom, Mkenya, aliyetetea tasnifu katika Chuo Kikuu cha Groningen mwaka 2013 juu ya watu wa afasia wasemao Kiswahili na Kiingereza, akipima hususan vitenzi na mpangilio wa maneno. Uteuzi wake ulikuwa wa busara. Mwingereza aliyejeruhiwa ubongo huweza kukitupa kiishio cha kitenzi akabaki na shina, na shina lile likasimama peke yake kama neno. Lakini Mswahili, isipokuwa katika kuamrisha, hana pa kulisimamisha "-lim-" bila ya kiambishi mbele yake: katika sentensi ya kawaida ni sharti ateue kati ya "alilima", "analima" na "atalima", na akishasema "mashamba" ni sharti "ya-" ifuate katika kitenzi. Picha za ubongo zilizojenga elimu ya sura hii zilipigwa watu wakisikiliza Kijerumani au wakitaja vitu kwa Kiingereza. Mtu anayetaka kujua kama njia za upatanisho wa ngeli hukaa kushoto tu, au kama hizo nazo huhamia kulia katika wiki ya pili na kurudi mwaka ukikamilika, atahitaji mashine ya sumaku yenye nguvu, wagonjwa wapatao ishirini wenye kukubali kurudi mara tatu, na orodha ya picha na sentensi zilizotungwa kwa Kiswahili na kujaribiwa kwanza kwa wazee wazima wa umri ule ule, wa mjini na wa shamba, waliosoma na wasiosoma. Hiyo orodha haihitaji umeme wala sumaku. Inaweza kuanza kutungwa Rujewa, na mgonjwa wa kwanza atakayepimwa kwayo atafaidika siku ile ile, kwa kuwa mwalimu wake atajua ni maneno gani yamebaki, kwa lugha gani, na aanzie wapi kesho yake.